Mizani Iliyomkisia Tilomai

Kwa miaka kumi na tisa Tilomai Aumua amekuwa akiwapikia watu wasio na meno. Hufungua jiko la nyumba ya wazee saa kumi na moja alfajiri, na kabla jua la Logan halijaanza kuuma ameshasaga viazi, karoti na kuku, kila kimoja peke yake, kila kimoja na rangi yake. Wapishi wengine husaga vyote kwa pamoja wakapakua uji wa rangi ya sementi. Yeye hataki hata kusikia. "Meno yamekwenda, macho bado yapo," huwaambia wasichana wa zamu. "Ungependa mtu akuletee saruji ukiwa na miaka tisini?"

Alizaliwa Samoa, kisiwani Savai'i, mtoto wa tano, na mkunga alipomtazama akatangaza mvulana. Alipofika miaka sita alikuwa akifagia uwanja na dada zake, ua sikioni, na hakuna jirani aliyegeuza shingo. Kwa Wasamoa watu wa namna hiyo wapo tangu enzi, wana jina lao, fa'afafine, na wana kazi zao zinazojulikana: kupamba kanisa, kuongoza kwaya, kulea watoto wa ndugu, na kubaki na wazazi pale wenye ndoa zao wanapoondoka. Tilomai alibaki. Alimuuguza baba yake katika nyumba yao ya kupanga hapa Logan, kusini mwa Brisbane, Australia, walikohamia, wakati kisukari kilipochukua vidole, kisha mguu, kisha macho. Baba alipokufa, Tilomai alikuwa na miaka arobaini na moja, na mwaka uliofuata akaenda kliniki kuomba homoni.

"Kwa nini umechelewa hivyo?" walimuuliza.

"Nilimhurumia mzee. Angetaka kunikimbia, na mguu hana."

Wauguzi hawakujua kama wanaruhusiwa kucheka. Yeye alicheka kwa niaba yao.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kuwa na maneno mazuri ya kueleza alichokwenda kutafuta. Watu hudhani ni matiti, au ngozi laini, au nyonga. Hivyo vilikuja, polepole, na alivipokea kama mtu anavyopokea wageni aliowaalika mwenyewe. Lakini jambo kubwa lilikuwa ukimya. Katika mwili wake kulikuwa na kelele tangu utotoni, kama mngurumo wa friji kuukuu jikoni, ambao husikii mpaka siku umeme ukatike. Wiki ya sita baada ya kubandika kibandiko cha kwanza cha estrojeni tumboni, kelele ile ilikatika. Alikuwa akimenya viazi. Aliweka kisu chini akasikiliza, na hakukuwa na kitu.

Kliniki ilikuwa na utafiti wake. Ilitaka kujua miili ya watu kama yeye hubadilika vipi: mafuta yanaongezeka kiasi gani, misuli inapungua kiasi gani, mifupa inasema nini. Tilomai alijiandikisha siku ya kwanza, kwa sababu mpimaji alikuwa Akenese, binti wa shemasi wa kanisa la jirani, na ingekuwa aibu kumkatalia. Alivua viatu, akasimama juu ya vibao viwili vya chuma, akashika vishikio viwili, na mashine ikampitishia umeme mdogo ambao hakuusikia. Ikatoa karatasi. Uzito kilo mia na nne. Mafuta asilimia ishirini na tisa na pointi mbili.

Mwaka ukapita. Mwezi Oktoba, mijakaranda ikiwa imemwaga maua ya zambarau kando ya barabara zote, Tilomai alirudi kwa kipimo cha pili akiwa na kitu ndani ya pochi. Alikitoa kwa ncha za vidole. Kilikuwa kitambulisho kipya, kimetoka serikalini juma lile, na mahali pa jinsia palisema mwanamke.

Akenese alipiga yowe mpaka mlinzi akachungulia. "Anti Tilo! Anti Tilo, hebu nione tena!" Akamkumbatia, akalia kidogo, kisha akaketi mbele ya kompyuta na kuanza kusahihisha. Alibadilisha faili la hospitali, orodha ya utafiti, lebo ya chupa ya damu. Akenese ni mtoto aliyelelewa. Anajua kwamba mtu haheshimiwi nusu, kwamba ukishampa mtu cheo chake mbele ya watu humwiti kwa jina la zamani uani. Akaigeukia na mashine ya kupimia, akaisahihisha. "Sasa wewe ni mwanamke mpaka kwenye umeme," akasema, na wote wawili wakacheka wakielekea kwenye vibao.

Siku tano baadaye Daktari Haddow alimwita.

"Keti, Tilomai."

"Ukianza na keti, Daktari, mimi nimeshaugua."

Daktari Haddow ni mwanamke mrefu mwembamba, mwenye adabu, asiyependa kuzunguka. Aligeuza kioo cha kompyuta. Palikuwa na mstari mwekundu uliopanda kama ngazi. "Mwaka jana mafuta yako yalikuwa asilimia ishirini na tisa. Sasa ni thelathini na nane na pointi sita. Misuli imeshuka zaidi ya kilo saba. Homoni hufanya hivyo, tulikwambia, lakini si kwa kasi hii. Na sukari yako ya damu imeanza kupanda. Kidogo, lakini imepanda. Najua habari za baba yako."

"Kwa hiyo?"

"Nafikiri tupunguze dozi. Nusu, kwa sasa, mpaka tuelewe."

Tilomai alitazama mikono yake. Alikuwa na vibandiko sita vilivyobaki kwenye boksi nyumbani, viwili kwa wiki. Vikiisha, cheti kipya cha dawa ndicho kingesema atakuwa nani. Alifikiria kelele ile. Alifikiria pia, kwa mbali, kwamba asubuhi hiyohiyo alikuwa amenyanyua gunia la unga la kilo ishirini bila kuguna, na kwamba misuli kilo saba ni kitu ambacho mtu angepaswa kujua kimeondoka. Lakini karatasi ilikuwa na namba, na yeye hakuwa na namba ya kujibu.

"Nipe wiki tatu," akasema. "Nimalize vibandiko nilivyonavyo. Kisha nipimeni tena. Namba isiposhuka, kata."

"Wiki tatu ni chache kwa mwili."

"Mwili wangu niachie mimi."

Akaanza kujinyima. Alipika kwa ajili ya wazee arobaini na wawili na hakulamba kijiko. Asubuhi alikunywa chai bila maziwa, jioni akala tango. Jumapili ndiyo ilikuwa mtihani, kwa sababu baada ya ibada ndugu hukusanyika kwa mama yake kula, na mama yake, Salilo, mwenye miaka sabini na minane, bado alipika kama mtu anayesubiri jeshi: nyama ya chumvi, magimbi, majani ya magimbi yaliyofungwa na tui zito la nazi, tambi za mchuzi mweusi. Alimjazia Tilomai sahani ya kwanza, kama kawaida.

"Hiyo sahani ina kosa gani?"

"Haina kosa, Mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Nyimbo?"

"Daktari amesema mafuta yamezidi."

"Daktari yupi, yule niliyemwona mimi? Yule mwembamba kama mti wa kuanikia nguo?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Binamu mmoja akapaliwa na tambi. Salilo hakucheka. Alivuta sahani, akaiweka mbele yake mwenyewe, akatazama tui likiganda. "Baba yako alikula kwa kujificha, nikamzika," akasema kwa sauti ndogo. "Wewe unajificha usile. Mtanimaliza nyinyi, kila mmoja kwa upande wake."

Tilomai hakumwambia habari ya dozi. Kuna mambo mtu humweleza mama yake yakiwa yameisha, yakiwa na mwisho wa kushika. Hili halikuwa na mwisho bado. Kanisani wakaanza kunong'ona, Tilo anaumwa, Tilo ana kitu. Mwenye sauti ya pili kwenye kwaya alimwuliza wazi wazi kama ni saratani. "Ni uzuri," akajibu, "unaniingia vibaya." Lakini mawazo ya usiku yalimfuata hata mchana: akiwa amesimama mbele ya sufuria alijiona mzee, amelala kwenye kimoja cha vitanda vya wazee kule ghorofani, kelele imerudi, na mtu mwingine anamletea uji wa rangi moja.

Katika wiki ya tatu alidondosha sinia. Dunia iligeuka nyeupe kutoka pembeni, akakaa juu ya gunia la unga mpaka rangi ziliporudi. Alikuwa amebakiwa na kibandiko kimoja, hicho kilichokuwa tumboni. Siku iliyofuata akaenda kliniki.

"Anti Tilo!" Akenese alisimama ghafla. "Nusu yako iko wapi?"

"Nimemwachia Mama, anaipigia kelele huko. Nipime, mwanangu, kabla sijaanguka."

Vibao vya chuma vilikuwa baridi. Alishika vishikio, akafumba macho. Akasikia mashine ikitema karatasi.

"Niambie."

"Uzito mia na tatu. Umepoteza kilo nne na nusu tangu Oktoba, Anti!" Sauti ilipanda, kisha ikashuka. "Mafuta thelathini na saba na pointi nne."

"Thelathini na saba."

"Ndiyo."

"Nimekula matango wiki tatu, nimedondosha supu ya wazee, na nimeshuka moja na kidogo." Tilomai aliteremka taratibu. Hakuwa na hasira. Alijisikia kama mtu aliyebisha hodi muda mrefu akagundua nyumba haina watu. "Basi. Mwite huyo Daktari akate."

Akenese hakumwita. Alikuwa amekunja paji la uso. Alifungua droo, akatoa karatasi za nyuma, akazipanga mezani: ya mwaka jana, ya Oktoba, ya leo. Ya Oktoba na ya leo zilifuatana vizuri, kama ndugu. Ya mwaka jana ilikaa peke yake, mbali kabisa. Kidole chake kikashuka kutoka mstari hadi mstari, uzito, urefu, umri, kisha kikapanda juu kwenye kona ya kulia, pale penye maandishi madogo ambayo hakuna mtu husoma. Kikasimama hapo.

"Anti," akasema, "usinichukie."

"Nikuchukie na nguvu zipi?"

"Ni mimi." Machozi yalikuwa yameanza. "Mashine hii haioni mafuta. Inapitisha umeme, inaona unapita kwa urahisi au kwa shida, basi. Kwenye misuli kuna maji, unapita. Kwenye mafuta unakwama. Halafu inakisia yaliyobaki. Inatazama umri wako, urefu wako, na kama ni Me au Ke, inachagua kanuni ya hesabu. Ya Ke huanza kwa kudhani mafuta ni mengi zaidi. Mwaka jana tulibonyeza Me, kwa sababu kitambulisho kilisema hivyo. Mwaka huu ulipokuja na kadi mpya, mimi, kwa furaha, nikabonyeza Ke."

Tilomai aliketi. Nje, radi ya mchana ilikuwa ikijiandaa juu ya mapaa ya Logan, na ndege wa rangi nyeusi na nyeupe walikuwa wakigombana kwenye uzio. Alilielewa jambo lile kipande kwa kipande. Ile ngazi nyekundu haikuwa mwili wake. Mwili wake ulikuwa umesimama mahali pake, na chini yake mtu amebadilisha sakafu, kwa upendo.

"Ninaweza kurudisha Me," Akenese akasema kwa aibu, bila kumtazama. "Nibonyeze, nikupime tena dakika moja tu, tulinganishe na mwaka jana. Lakini siwezi bila wewe kuniruhusu."

"Yaani ili niachiwe homoni za mwanamke, mashine lazima initangaze mwanamume."

"Si kukutangaza, Anti. Kukukisia."

"Wewe hujawahi kukisiwa hivyo, mwanangu. Mimi nimekisiwa tangu nilipotoka tumboni."

Akenese akafuta pua kwa mkono wa koti lake jeupe. Na Tilomai, ambaye maisha yake yote yamekuwa ya vikombe na mizani za jikoni, akawaza kama mpishi.

"Niambie. Ule umeme wa mwaka jana mliutupa?"

"Umeme?"

"Kile mashine ilichokiona. Kabla haijakisia."

"Haujatupwa. Namba ghafi zote zimo humu."

"Mimi jikoni nikipewa kikombe kipya cha kupimia, na daftari langu ni la kikombe cha zamani, sirudishi kile cha zamani. Nachukua daftari, nahesabu upya kuanzia mwanzo kwa kipya." Aliinuka, akaegemea meza. "Mchukue yule Tilomai wa mwaka jana. Mbonyeze Ke. Mwache naye awe mwanamke."

Akenese alimtazama mdomo wazi. Kisha vidole vyake vikaanza kukimbia. Alifungua faili la mwaka uliopita, akaenda kwenye kona ile, akabadilisha, akabonyeza kuhesabu. Ikachukua muda wa kuvuta pumzi mbili.

"Thelathini na tano na pointi tisa," akasoma.

"Na Oktoba?"

"Thelathini na nane na sita."

"Basi ni..." Tilomai akahesabu kwa vidole, kama anavyohesabu mayai. "Mbili na pointi saba. Mwaka mzima. Si tisa." Akashika ukingo wa meza. "Mlete Daktari."

Daktari Haddow alikuja akisoma simu, akaiweka chini alipoona karatasi nne. Akenese alieleza yote akiwa amesimama wima kama mtu mbele ya hakimu. Daktari alizisoma mara mbili. Shingo yake ilikuwa imeshika wekundu.

"Mimi nilitazama mchoro," akasema hatimaye. "Kona ya karatasi sikuitazama. Hilo ni langu, Akenese, si lako peke yako." Akamgeukia Tilomai. "Na nilikuacha ukae na njaa wiki tatu."

"Njaa nimeizoea sasa. Mama ndiye hajaizoea. Unanikatia dozi au hunikatii?"

"Kwa namba hizi, sina sababu ya kukata. Lakini nataka nikueleze ukweli wote. Kanuni ya Me haikutengenezwa kwa kupima watu kama wewe. Ya Ke vilevile. Na zote mbili sijui kama waliwahi kupima Wasamoa wa kutosha. Kuna kitanda cha eksirei jengo la pili. Hicho hupita juu ya mwili wote na kutenganisha mfupa, mafuta na misuli."

"Chenyewe hakikisii?"

"Kila kipimo hukisia kidogo. Ila hiki hakihitaji kwanza kuambiwa wewe ni nani ndipo kikupe jibu."

Walimpatia nafasi saa tisa alasiri. Akavua hereni, kitana cha nywele, sidiria yenye waya, akajilaza chali katika gauni la karatasi. Mkono wa mashine ulipita juu yake polepole sana, kutoka utosini kwenda miguuni, ukinong'ona. Mvua ilikuwa imeanza kupiga paa. Tilomai hakufikiri jambo lolote. Kwa dakika saba alikuwa mtu anayetazamwa tu.

Picha ilikuja ikiwa na rangi: mifupa myeupe, misuli myekundu, mafuta ya manjano yaliyozunguka nyonga na mapaja. Mafuta asilimia thelathini na tatu na pointi nane. Palikuwa katikati, palipokosewa na kanuni zote mbili, kila moja kwa upande wake.

"Mifupa yako ni ya kuonewa wivu," Daktari Haddow akasema. "Tutaanza kuhesabu kutoka hapa. Kitanda hikihiki, kila mwaka. Sukari tutaishughulikia kama sukari: kutembea, kupunguza wanga na tui, damu tena baada ya miezi mitatu. Ikiendelea kupanda tutakaa tena tuzungumze, siahidi kisichoahidika. Lakini dozi inabaki ilivyo."

Akaandika. Akenese alikuwa nyuma yake, akiandika naye kwenye daftari la utafiti maneno ambayo tangu siku ile yapo juu ya kila karatasi ya kliniki ile: kanuni iliyotumika, na tarehe ilipobadilishwa. Alimwomba Tilomai asome aone kama ameweka vizuri.

"Umeweka vizuri. Ila jina langu umeandika kwa furaha mno, halisomeki."

Duka la dawa liko mkabala na kituo cha treni. Tilomai alifika akiwa amelowa mabega, akamkabidhi kijana wa kaunta cheti. Kijana alikisoma, akamtazama, akakisoma tena.

"Dozi ileile, dada?"

"Ileile."

"Itabidi usubiri kidogo. Dakika kumi hivi."

"Sina haraka," akasema, na akaenda kukaa kati ya mama mwenye mtoto wa kikohozi na mzee aliyesinzia, kisha akampigia mama yake simu kumweleza habari yote kuanzia mwanzo.